Sauti ya udi ndani ya VCV Rack: Karplus-Strong, Resonator au FM?

risha_ya_pwani: Wakuu, natafuta sauti ya udi kwa vipande vya taarab, bila sampuli zilizorekodiwa, kwa VCV Rack ya bure (programu ya sinthesaiza ya moduli zinazoungwa kwa kebo). Naona njia tatu: kufunga Karplus-Strong (noizi fupi inayozungushwa hadi iige waya) kwa dilei na filta, moduli ya Resonator ya Audible Instruments, au FM ya osileta mbili (moja inatikisa frikwensi ya nyingine). Ipi inakaribia udi zaidi?

fundi_kebo: Anza na Karplus-Strong, utaelewa waya unafanya nini. Ingiza noizi ya milisekunde 5 kwenye miksa, kisha dilei yenye urefu wa wimbi moja la noti (110 Hz ni ms 9.09), filta ya lopasi (inayopunguza sauti kali za juu), VCA (kidhibiti cha nguvu ya sauti), halafu urudi kwenye miksa. VCA ikipitisha 0.97 ya sauti kila mzunguko, noti ya 110 Hz hufifia kwa sekunde 2 hivi. Kwa 0.97 hiyohiyo, 440 Hz inakufa kwa nusu sekunde, maana inazunguka mara nne zaidi na kila mzunguko inapunguzwa. Kwa hiyo VCA nayo ifuate noti. VCA ikipita 1, mzunguko unapiga yowe.

sikio_kali: Balaa la njia hiyo ni tuning. Kila kebo ndani ya Rack huchelewesha sampuli moja (hapa ni kipimo kimoja cha sauti ya dijitali). Kwenye 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, wimbi la 440 Hz lina sampuli 109. Mzunguko huo una kebo nne, basi noti inashuka senti 62 (semitoni ni senti 100), zaidi ya robo toni! Noti ya 110 Hz inashuka senti 16 tu, ndiyo maana kitasa kimoja hakiwezi kurekebisha zote. Filta nayo inaongeza uchelewaji wake. Kupanda hadi 96 kHz kunapunguza kosa la kebo kwa nusu, na kompyuta inalemewa. Kwa maqamu (mizani ya noti ya muziki wa Kiarabu), ambamo robo toni ni noti kamili, mimi siikubali.

nyuzi_mbili: Naungana na sikio_kali. Resonator inazungusha waya ndani ya moduli yenyewe, kebo haziigusi. Chagua modi ya taa nyekundu. Kitasa cha Structure kiweke kwenye robo ya mzunguko wake: hapo waya ni safi, ukishusha unavuma kama sitari, ukipandisha unaelekea chuma. Usiache IN (tundu la kuingizia sauti) tupu. Ipe noizi fupi iliyopita lopasi ya 2.5 kHz, hiyo ndiyo risha. Udi una nyuzi pachapacha, kwa hiyo weka Resonator ya pili na uiongezee volti 0.0025 kwenye V/oct (tundu la volti ya noti), yaani senti 3. Mwisho, bandpasi mbili (filta zinazopitisha eneo moja tu la sauti) zisizofuata noti, karibu na 100 na 200 Hz, ndizo tumbo la udi. Malizia kwa sikio.

risha_ya_pwani: Na FM?

sikio_kali: Kwa tarumbeta ni nzuri mno: uwiano 1:1, indeksi (kiasi cha FM) ipande kutoka 0 hadi 5 pamoja na envelopu (mkondo wa noti kupanda na kufifia). Kwa udi inakwama, kwa sababu osileta haina kumbukumbu. Risha ikirudiwa upesi, pigo jipya linaukuta waya bado unatetemeka, na mara linauongezea nguvu, mara linauzima. Ndiyo maana hakuna mapigo mawili yanayofanana. FM inaanza upya kila mara, unasikia mashine.

nyuzi_mbili: Hata kwenye Resonator, tofautisha pigo la risha la kushuka na la kupanda: la kupanda lipitie lopasi ya 4 kHz na nguvu ipungue kidogo. Sikwensa ya hatua mbili (moduli inayotoa volti kwa zamu) kwenye CV ya filta, yaani tundu la volti ya kudhibiti, inatosha.