Ziara ya "makavazi na kasri" Nairobi: tumelipa, tumedanganywa, na pesa wamekataa kurudisha

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumamosi iliyopita nililipia watu watano, yaani mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi aliyetoka Mombasa kututembelea, shilingi 2,500 kwa kila mmoja bila kubagua mtoto na mtu mzima. Tangazo la kampuni hiyo, ambalo bado ninalo kwenye simu, liliahidi matembezi ya saa nne katikati ya jiji, mwongoza watalii mwenye leseni, kuingia ndani ya "kasri la kale la Nairobi", kisha Makavazi ya Kitaifa, viingilio vyote vikiwa vimekwisha kulipwa.

Neno kasri ndilo lililomvuta mama. Amefundisha historia katika shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na amekua akiitazama Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa hiyo alishangaa kusikia kwamba Nairobi, mji uliozaliwa na reli mwaka 1899, nao una kasri lake. Nilimwambia twende tukalione. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Tuliambiwa tukutane saa mbili asubuhi kwenye sanamu ya Tom Mboya, barabara ya Moi Avenue. Mwongozaji alifika saa tatu na nusu, hakuomba radhi, akatuhesabu tukawa watu ishirini na wanne, akaanza kusema kwa sauti ambayo waliosimama nyuma hawakuisikia kwa sababu ya honi za matatu. Kuhusu Mboya alisema alikuwa waziri na mtu mashuhuri, basi, tupige picha twende. Hakutaja kwamba Mboya alipigwa risasi Julai 5, 1969 kwenye barabara hii hii, wakati huo ikiitwa Government Road, na kwamba sanamu ile imesimamishwa hapo kwa sababu hiyo. Mama, ambaye siku ile alikuwa msichana wa shule, aliwashika wajukuu wake mikono akawasimulia jinsi watu wazima wa mtaani kwao walivyoizunguka redio ya jirani bila mtu kusema neno. Watu wanne watano wa kundi letu wakasogea kumsikiliza yeye. Mwongozaji akapiga makofi, akasema tunachelewa. Nani aliyetuchelewesha?

Kutoka hapo tulifuata Kenyatta Avenue hadi inapokutana na Uhuru Highway, akasimama kando ya barabara, akanyoosha kidole kwenye jengo la mawe lililo pale kwenye kona, akasema hilo ndilo kasri na kwamba gavana wa kwanza alikuwa akiishi humo. Mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kasri liko wapi?" Nilikosa la kumjibu.

Jengo lile si kasri na halijapata kuwa kasri. Lilijengwa mwaka 1913 kuwa afisi ya serikali ya kikoloni, likawa afisi ya Mkuu wa Mkoa, na ndimo vilimosajiliwa vizazi, ndoa na vifo. Leo liko chini ya Makavazi ya Kitaifa na linaitwa Nairobi Gallery. Ndani yake kuna sehemu ya mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa nchi hii, na hapo ndipo penye alama ambayo umbali wa kutoka Nairobi hupimwa kuanzia kwake. Haya yangetosha kabisa kumvutia mgeni bila kubandikwa jina la uongo. Hata hivyo hatukuingia. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba "kuona kwa nje ndiko kumo kwenye ratiba", wakati tangazo linasema wazi kuingia ndani. Nikamwonyesha tangazo kwenye simu yangu; alilitazama kisha akaanza kutembea.

Akatupandisha hadi Museum Hill kwa miguu, mwendo wa karibu kilomita mbili katika jua la saa tano, bila maji na bila kituo cha kupumzika, akiwa mbali mbele na wazee wawili wakiwa nyuma kabisa. Langoni tukaambiwa kiingilio kila mtu ajilipie. Nililipa mara ya pili kwa sababu watoto walikuwa wameshafika mlangoni na sikutaka kuwarudisha.

Ndani ya makavazi alitupa dakika thelathini na tano. Kwa jumba lile ni dharau. Sanamu ya ndovu Ahmed wa Marsabit aliyoipita uani alisema ni Ahmed mwenyewe aliyekaushwa, ilhali ni mfano uliotengenezwa kwa nyuzi za kioo; Ahmed wa kweli, ambaye Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri ya rais ili alindwe dhidi ya majangili, alikufa mwaka 1974. Hapo nilinyamaza. Lakini tulipofika kwenye habari za Kijana wa Turkana, yaani mifupa ya mtoto wa kiume wa binadamu wa kale, mwongozaji alisema mifupa ile ina miaka elfu kumi na iligunduliwa na Mzungu mmoja. Binti yangu, aliyekuja na daftari kwa ajili ya kazi ya shule, akaandika hivyo hivyo.

Mifupa ile ina umri wa takriban miaka milioni moja na nusu, na aliyeigundua ni Kamoya Kimeu, Mkenya, Mkamba, mwaka 1984 huko Nariokotome upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, alipokiona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu katikati ya kokoto ambazo mtu mwingine angezikanyaga akaenda zake. Alianza kama kibarua wa kuchimba kwa akina Leakey, familia ya watafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, akapanda hadi kuongoza kundi la wachimbaji, akafariki mwaka 2022. Huyu ndiye mtu ambaye jina lake lilifutwa mbele ya watoto wa Kikenya, ndani ya makavazi ya Kenya, na mtu tuliyemlipa ili atufundishe. Mama alilichukua lile daftari, akakata neno "Mzungu" kwa kalamu yake nyekundu, akaandika juu yake Kamoya Kimeu, herufi kubwa, kisha akamrudishia mjukuu wake bila kumkaripia mtu yeyote. Mimi sina subira yake.

Jumatatu niliiandikia kampuni nikitaka nirudishiwe pesa zote pamoja na viingilio nilivyolipa mara ya pili. Jibu lilikuwa na maneno mawili: "Huduma ilitolewa." Nilipouliza nambari ya leseni ya yule mwongozaji, kwa kuwa sheria ya utalii ya mwaka 2011 haimruhusu mtu kufanya kazi hiyo bila leseni, wakaifungia nambari yangu ya simu.

Kwa hiyo malalamiko yangu nimeyaandika rasmi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, pamoja na tangazo, ujumbe wa malipo na jibu lao. Nataka pesa zangu, nataka neno kasri liondolewe kwenye tangazo lile, na nataka yule bwana asisimame tena mbele ya kundi la watu hadi aonyeshe leseni. Kama ulikuwa miongoni mwa wale ishirini na wanne Jumamosi ile, hasa yule mama mwenye mtoto mgongoni aliyelipishwa mara mbili kama mimi, tafadhali niandikie hapa ili majina yetu yaende pamoja kabla ya Ijumaa.