Tupeane uzoefu: mtoto akijibu, mnamfundishaje kuonyesha jibu kalitoa wapi?

Mwalimu wa gredi ya 5, Nakuru
Wenzangu, hamjambo. Wiki jana tulisoma kifungu kuhusu heroe, wale ndege wa waridi wa ziwa letu. Kinasema maji yalipanda, chumvi ikapungua, mwani wanaoula ukawa haba, wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Nikauliza kwa nini walipungua. Kijana mmoja akajibu mbio mbio: "Walifukuzwa na moshi wa mji." Umeona wapi? "Baba alisema." Baba mtu ni dereva wa matatu, mji wote anaujua, mimi ni nani nimpinge? Nikamwambia asome tena. Akasoma, akarudi na moshi wake uleule. Ninyi hufanyaje?

Nyar Kisumu
Kwangu hakuna alama mpaka kidole kiguse sentensi. Juzi niliandika ubaoni kisa cha Lwanda Magere, yule shujaa wa Wajaluo aliyekuwa na mwili wa jiwe. Darasa zima: "Mkewe ndiye mbaya!" Haya, wapi? Wakapanga foleni ubaoni, vidole vyote vikatua pale mke anapotoroka kwenda kwao, kwa maadui, kutoboa siri kwamba nguvu za mumewe ziko kwenye kivuli. Halafu akaja msichana wa nyuma, yule husema mara moja kwa muhula. Kidole chake kikapanda juu zaidi: pale Magere anapougua na kumwambia mkewe achanje kivuli, si mwili. "Mwalimu, siri kaitoa mwenyewe." Walibishana hadi kengele ya chai, na chaki yote ikafutika kwa vidole.

Madam wa Kakamega
Kidole ni kizuri ila wangu wakishika kalamu hunakili aya nzima, nukta na mkato. Nikaweka sheria: chukua maneno matano tu ya kifungu, kisha endelea kwa maneno yako, "hii inaonyesha kwamba..." Hapo kwenye "kwamba" ndipo jasho hutoka. Vitabu havitutoshi, kwa hivyo kifungu nakiandika kwenye karatasi kubwa ya manila na kukibandika ukutani. Maandishi makubwa, macho yangu yenyewe yanashukuru.

Mama Wawili, Nyalenda
Mimi si mwalimu, lakini nyinyi mnatuletea balaa nyumbani. Nilimwambia wangu amelamba sukari. "Mama, umeona wapi?" Mkono ulishaanza kunyanyuka! Nikamwonyesha punje kwenye sweta. Akaziangalia, akasema sawa.

Mstaafu wa Bungoma
Mwalimu wa Nakuru, usimpinge baba wa mtoto hata kidogo. Huenda moshi nao una lake, ila kifungu hakikuutaja, na swali lilikuwa la kifungu. Mtoto hajakosa akili, amechanganya mifuko miwili. Chora safu mbili ubaoni, NIMESOMA na NIMESIKIA. Kila jibu liulizwe ni la wapi. Lililosikika halifutwi, linakaa upande wake.

Mwalimu wa gredi ya 5, Nakuru
Mzee wangu, asante. Nimejaribu leo. Kijana kauandika moshi kwenye NIMESIKIA bila kununa, kisha akaandika "mwani haba" kwenye NIMESOMA, kidole juu ya sentensi ya tatu. Nikadhani tumemaliza. Kumbe jana jioni alikuwa amemuuliza baba yake naye aliutoa wapi moshi huo. "Steji," akaambiwa. Sasa anataka tuchore safu ya tatu.