Tupeane uzoefu: kulala na RV kwenye mashamba ya familia karibu na bwawa la Quabbin

Wakuu, heshima kwenu. Kwa tulioko Massachusetts, naomba tukusanye uzoefu wa kupiga kambi na RV (gari lenye vitanda na jiko ndani) kwenye mashamba madogo kuzunguka Quabbin. Familia yangu imeshakwenda, na kwangu mimi hakuna kambi ya kulipia inayofikia utulivu wa kule. Unaegesha kando ya malisho, asubuhi mayai unayanunua kwa mwenye shamba, watoto wanaona ng'ombe akikamuliwa.

Kwa nini shambani na si ufukweni? Quabbin ndilo linaloinywesha Boston. Kwenye ardhi ya bwawa huruhusiwi kupiga kambi, kuogelea wala kuingia na mbwa. Watoto waambieni kabla hamjatoka nyumbani.

Halafu umeme. Mara nyingi utapewa soketi ya kawaida ya ampea 15; kwa volti 120 hizo ni wati 1,800. Kiyoyozi cha RV peke yake kinaweza kula 1,500, ukiongeza birika swichi inakata. Muulize mwenyeji laini hiyo inalisha nini kingine, maana huenda ndiyo ya friji yake ya maziwa. Pikeni kwa gesi.

Karibuni.

Mdau wa Worcester:
Umesema vizuri, kaka. Mimi naongeza maji taka. Shambani hakuna pa kumwaga, kwa hiyo fika na matangi matupu, ukiondoka ukamwage kituoni. Hata maji ya kuoshea vyombo msimwage kwenye nyasi, mteremko ule unaelekea kwenye maji ya kunywa ya watu. Na Aprili msiende na gari zito. Theluji ikiyeyuka, ardhi inakuwa tope tupu, na magurudumu yakizama unamharibia mkulima malisho yake.

Mdau wa Lowell:
Mama alipokuja kututembelea kutoka Murang'a, tulilala kwenye shamba la wazee wawili upande wa Petersham. Siku ya pili tukaenda Dana Common, uwanja wa kati wa uliokuwa mji wa Dana, kupitia lango namba 40 la eneo la bwawa. Gari haliingii, mnatembea karibu maili mbili, mama alizimaliza bila shida. Dana ni mmoja wa miji minne iliyofutwa mwaka 1938 ili bonde lijazwe maji; mingine ni Enfield, Greenwich na Prescott. Uwanja wa Dana haukuzama, na mashimo ya misingi ya nyumba bado yapo.

Mama aliuliza jambo moja tu: wafu wao waliwapeleka wapi? Nikamwendesha hadi Ware, kwenye makaburi ya Quabbin Park walikozikwa upya. Alisoma majina jiwe kwa jiwe, sikuthubutu kumharakisha. Kwao bwawa la Ndakaini linainywesha Nairobi, na anawafahamu watu waliohamishwa ili kupisha bwawa hilo. Jioni mwenye shamba akatuletea mahindi, akamwambia mama kuwa bibi yake alizaliwa Enfield. Wakakaa nje mpaka usiku, mimi nikitafsiri.

Mwanzisha mada:
Dada, ahsante sana, mfikishie mama salamu zetu. Sisi tulipita Dana bila kufika Ware, safari ijayo tutafika. Wazee hao bado wanapokea wageni Oktoba, majani yakibadilika rangi? Na je, RV ya futi 30 inapita kwenye njia yao?