Tupeane uzoefu: unapangaje lebo na anotesheni kwenye kanzidata zinazoishi ndani ya kontena?

Mtu wa Cheyo (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu. Niko Tabora mjini, tunatunza mifumo ya vyama vya msingi vya ushirika, tumbaku kwa wingi na asali kidogo upande wa Sikonge. Kila chama kina kanzidata yake ya PostgreSQL, na zote zinakaa kwenye klasta moja (kundi la mashine) ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena, yaani programu zilizofungashwa na mahitaji yake. Zilipokuwa chache tulizijua kwa majina. Zimeongezeka sasa: ukiorodhesha podi (vifurushi vya kontena vinavyoendeshwa) unaona db-0, db-0, db-0, kila neimspesi (sehemu iliyotengwa ndani ya klasta) na ya kwake, na karani wa Kaliua akipiga simu kwamba mapokezi hayaingii, huwezi kuanza kukisia ipi ni yake.

Utaratibu wetu ni huu. Kabla ya kuandika chochote kwenye metadata (maelezo ya utambulisho wa kitu) tunajiuliza kama kuna siku tutataka kuchagua vitu kwa kigezo hicho. Kama ndiyo, ni lebo. Kama ni cha kusomwa tu na mtu au programu, ni anotesheni. Robota la tumbaku likiingia sokoni lina tiketi yenye mambo machache ya kulitambulisha. Habari ndefu za mkulima zinabaki kwenye daftari la chama.

Tunatumia lebo zinazopendekezwa na Kubernetes yenyewe: `app.kubernetes.io/name`, `app.kubernetes.io/instance`, `app.kubernetes.io/component` na `app.kubernetes.io/part-of`. Juu ya hizo tuna zetu: `wilaya`, `zao`, `mazingira`. Kwenye klasta zetu zina kiambishi cha kikoa chetu mbele, hapa nafupisha. Viambishi vya `kubernetes.io` na `k8s.io` vimetengwa kwa ajili ya Kubernetes, msijipachikie. Basi asubuhi naandika:

`kubectl get statefulset,pvc,svc -A -l 'wilaya in (urambo,kaliua),mazingira=hai'`

Napata nilichotaka: StatefulSet (inayosimamia podi za kanzidata), Service (anwani ya kuzifikia), pamoja na PVC (maombi ya diski), yaani diski zake. Kwenye anotesheni tunaweka nani apigiwe simu, mwongozo wa kurejesha bekapu uko wapi, na kwa nini diski iliongezwa. Thamani ya lebo haivuki herufi 63, ilhali anotesheni zote za kitu kimoja zina nafasi ya KiB 256, kwa hiyo maelezo hayana sababu ya kubanwa.

Ninyi wenzangu mnafanyaje? Karibuni, hasa waliokwisha kuumia.

Ng'ambo Kwetu

Mkuu, nianze na kichekesho. Tuna seva ya mafunzo hapa Ng'ambo, tukaandika `kata: ng'ambo`. Ikakataliwa papo hapo. Thamani ya lebo inakubali herufi za A hadi Z, tarakimu, kistari, mstari wa chini na nukta, tena lazima ianze na kuishia kwa herufi au tarakimu. Apostrofi haimo, nafasi haimo, mkwaju haumo. Basi kwenye klasta kata yetu inaitwa `ngambo`, na jina lake halali limo kwenye anotesheni ambako hakuna anayekubana.

Herufi kubwa na ndogo nazo ni mtego. `Tabora` na `tabora` ni thamani mbili tofauti, na selekta (kigezo cha kuchagua kwa lebo, kile kinachofuata `-l`) haitakuonya, itakuletea nusu ya orodha na wewe utadhani ndiyo yote. Sisi ni herufi ndogo tupu.

Halafu alama za kunukuu. Ukiandika `toleo: 16` YAML (lugha ya mafaili ya mipangilio) inaona namba, na Kubernetes inataka maandishi, kwa hiyo andika `"16"`. Maneno yes, no, on na off nayo husomwa kama kweli au si kweli, yanakataliwa vilevile. Sisi tunaoandika `ndiyo` na `hapana` tumeponea hapo.

Mwalo wa Kibirizi

Mwakeye ndugu zangu. Huku Kigoma si kila mtu ana klasta. Mimi nina mashine moja yenye Docker (programu ya kuendesha kontena) tu, inabeba mahesabu ya wafanyabiashara wa dagaa na migebuka, kila mmoja na MySQL yake. Lebo zinanisaidia vilevile.

Shida yangu kubwa ilikuwa voliumu, ile hifadhi ya data ya kontena. Imeji (kiolezo cha kuundia kontena) rasmi ya MySQL, hata ya PostgreSQL, usipoitajia voliumu kwa jina inajitengenezea yake, na jina lake ni mkia wa herufi na tarakimu 64. Ukiandika `docker volume ls` unakuta majina ya namna hiyo yamejaa, wala hujui lipi lina hesabu za mtu na lipi ni takataka ya majaribio. Siku hizi natengeneza kwanza, kwa mkono:

`docker volume create --label mteja=soko-kibirizi --label mazingira=hai hesabu-kibirizi`

Kisha `docker volume ls --filter label=mazingira=hai` inanipa zile ambazo bekapu ya usiku lazima izipitie. Hati yangu ya bekapu haina orodha ya majina, inasoma lebo. Mteja mpya akija nampa lebo tu na anaingia kwenye bekapu bila mimi kugusa hati.

Angalieni jambo moja: kwenye Docker huwezi kubadilisha lebo ya kontena au voliumu iliyokwisha kutengenezwa. Kontena unaifuta na kuiunda upya, si tatizo kama data iko kwenye voliumu yenye jina. Voliumu ndiyo inauma, maana unatengeneza mpya na kuhamisha data. Kwa hiyo fikiri kabla.

Dada wa Ujiji

Nimesoma kimya, ngoja nami niseme. Hii ilitokea mahali nilipokuwa nafanya kazi zamani, sitapataja.

Kulikuwa na utaratibu wa kufuta diski za majaribio mwisho wa mwezi. Amri ilikuwa ya mstari mmoja: `kubectl delete pvc -l 'mazingira!=hai'`. Kwa kuisoma haraka inasema futa kila ambacho si hai, na ilikuwa imefanya kazi vizuri muda mrefu. Ambacho wengi hatukijui ni kwamba `!=` inachagua pia vitu visivyo na lebo hiyo kabisa. `notin` nayo iko hivyohivyo. Sasa palikuwa na kanzidata kongwe kuliko utaratibu wa lebo, ikahamishiwa kwenye neimspesi ile, diski zake hazina `mazingira` ya aina yoyote. Kwa selekta ile, si hai. Ikafagiliwa.

Kilichotuokoa ni kinga iliyomo ndani ya Kubernetes: PVC inayotumiwa na podi haiondoki mpaka podi ile iondoke. Ukiitazama inasema Terminating (inaondolewa), lakini kanzidata inaendelea kujibu kana kwamba hakuna kilichotokea. Tatizo ni kwamba amri ya kufuta ikishapokelewa hairudishwi. Inasubiri. Na kijana mmoja alikuwa tayari ameshika kibodi aanzishe podi upya, eti huenda hali ikakaa sawa. Angefanya hivyo, podi ingeondoka, PVC ingeifuata, na kwa kuwa diski zilizoundwa zenyewe kwa kawaida zina sera ya Delete (PVC ikifutwa, diski inafutwa), diski halisi ingekwenda pia.

Tulichofanya kwa mpangilio: kwanza tukabadilisha `persistentVolumeReclaimPolicy` ya PV (diski yenyewe kwa upande wa Kubernetes) kuwa Retain, ili hata PVC ikienda diski ibaki. Pili tukachukua `pg_dump` (nakala ya data ya PostgreSQL) kutoka kwenye podi iliyokuwa bado hai na kuipeleka mashine nyingine. Baada ya hapo ndipo tukajenga PVC mpya na kurejesha, huku watu wa mapokezi wakiandika kwenye karatasi.

Tangu hapo sichagui cha kufuta kwa kukanusha. Naandika `mazingira=majaribio`, nataja ninachokitaka. Kama lazima ukanushe, dai kwanza lebo iwepo: `-l 'mazingira,mazingira!=hai'`. Endesha `get` kwa selekta ileile kabla ya `delete` na usome orodha kwa macho yako. Na kila wiki: `kubectl get pvc -A -l '!mazingira'`, inakutolea zote zisizo na lebo. Selekta izungusheni alama za kunukuu za mkato mmoja (') pande zote mbili, maana bash, programu inayosoma amri, ina mambo yake na alama ya mshangao.

Mtu wa Cheyo

Dada, hii ya `!=` imenifanya nisimame niende kukagua hati zetu. Asante sana.

Reli ya Kati

Naongezea upande wa mtandao, maana lebo kwenye kanzidata ndiyo inayoamua maandishi yaende wapi. Service haijui podi kwa jina, inazijua kwa selekta. Ukiwa na podi kuu moja na replika (nakala zake) mbili, zote zikabeba `app=postgres` na Service ikachagua hilo tu, maombi ya kuandika yatatua hata kwenye replika, na replika ya PostgreSQL ni ya kusoma tu. Mteja ataona makosa yanayokuja na kuondoka, utamlaumu mtandao bure.

Ndiyo maana opareta za kanzidata (programu zinazoziendesha ndani ya Kubernetes) zinabeba lebo ya wadhifa. CloudNativePG, opareta ya PostgreSQL, ina `cnpg.io/instanceRole`, thamani primary au replica, na Service inayoishia kwa `-rw` inafuata iliyo kuu. Podi kuu ikianguka, opareta inahamisha wadhifa na lebo pamoja. Msiiguse kwa mkono. Ukitaka lebo zako zifike kwenye vitu vyote inavyounda, ziandike kwenye `inheritedMetadata` ya Cluster (maelezo ya kanzidata unayoipa opareta).

Kwa wanaojiendeshea StatefulSet wenyewe: selekta ya StatefulSet haibadilishwi baada ya kuundwa. Nimewahi kukuta mahali wameweka toleo la PostgreSQL mle ndani. Siku ya kupandisha toleo walikwama. Selekta iwe na vitu visivyobadilika, jina na instance basi. Toleo liwe lebo ya pembeni.

Kasulu Mjini

Fupi tu. Anotesheni si mahali pa siri. Yeyote mwenye ruhusa ya kusoma podi anaisoma yote. Nimekuta nywila ya mtumiaji mkuu kwenye anotesheni, imeandikwa "kwa dharura". Nywila ikae kwenye Secret, mahali pa siri pa Kubernetes. Na kwa sisi tunaoshughulika na vituo vya afya, jina au namba ya mgonjwa isiingie kwenye lebo wala anotesheni hata kwa majaribio. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Simu ya zamu nayo tunaiweka kama ya timu. Ya mtu binafsi anahama nayo.

Asali Tupu

Wakuu, kwenye bekapu sisi tunatumia Velero (programu ya bekapu za Kubernetes), na anotesheni ndizo zinazoiambia ifanye nini kabla ya kunakili diski. Podi inabeba `pre.hook.backup.velero.io/command` yenye amri ya kutoa `pg_dump`. Kumbukeni muda wake wa kawaida ni sekunde 30. Kanzidata ikinenepa, ongezeni kwa `pre.hook.backup.velero.io/timeout`, la sivyo itakatwa katikati.

Lakini jueni mnapoiandika. Ukigusa anotesheni ndani ya kiolezo cha podi, Kubernetes inaona kiolezo kimebadilika na, kwa utaratibu wake wa kawaida, inaanzisha podi upya moja baada ya nyingine. `kubectl rollout restart` yenyewe inatumia njia hiyo, inaandika tu anotesheni ya muda. Kwa tovuti hakuna atakayegundua. Kwa kanzidata, saa nne asubuhi siku ya soko, watagundua. Maelezo ya kusomwa na watu yawekeni kwenye metadata ya StatefulSet yenyewe, juu kabisa, hayaanzishi chochote. Ya Velero yaingizeni usiku.

Ng'ambo Kwetu

Swali kwa Dada wa Ujiji na wengine. Nina PVC za zamani zisizo na lebo, zinatumika sasa hivi. Naweza kuziwekea bila kuzima? Na hizi za mbele zitajipa zenyewe?

Dada wa Ujiji

Zilizopo weka hata sasa: `kubectl label pvc data-db-0 mazingira=hai`. Hakuna kinachozimika. Za mbele ndiyo kazi, kwa sababu `volumeClaimTemplates` (kiolezo cha PVC) ya StatefulSet haihaririki. PVC mpya itapata lebo zilizomo kwenye selekta, `mazingira` haitaipata. Njia ni kuifuta StatefulSet peke yake kwa `kubectl delete statefulset db --cascade=orphan`, podi na diski zinabaki zinafanya kazi, halafu unaiunda upya kwa jina lilelile na selekta ileile, kiolezo cha PVC kikiwa na lebo. Inazipokea podi zake. Kiolezo cha podi usikiguse hata herufi, Asali Tupu ameshasema kwa nini.

Reli ya Kati

Na ukishamaliza, zuia mlango. Kuanzia Kubernetes 1.30 ValidatingAdmissionPolicy imekomaa, unaandika kanuni kwamba PVC isiyo na `mazingira` isipokelewe. Anza kwa Warn (onyo tu) ili uone nani ataguswa, ukiwahi Deny (kukataa) utawazuia wenzako wa Urambo usiku wa manane na simu itaita kwako.