Siku mbili Tanga na bibi mwenye goti bovu: tupangeje?

MamaWawili: Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Tunatoka Dodoma kwa basi, tunaingia Tanga Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Tupo wanne: mimi, wanangu wa miaka 8 na 11, na mama yangu wa miaka 68. Mama anapenda sana mambo ya kale, ila goti lake halitaki kuinama. Watoto wanataka bahari na mapango ya Amboni. Kipi kianze, kipi kiachwe, na je, mapango yatamfaa mama? Mwezi utakuwa mpevu Ijumaa hiyo hiyo.

NahodhaSahare: Marahaba dada. Umefanya la maana kutaja mwezi, maana wageni wengi hupanga Tanga kwa saa ya ukutani halafu wakifika ufukweni Raskazone wanakuta tope. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, ni bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa kama saa nne. Kila siku yanachelewa takriban dakika 50. Kwa hiyo Jumamosi yenu maji yatakuwa yamepwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na yatajaa karibu na saa kumi na moja jioni. Asubuhi ni ya mji na mapango. Kuogelea ni kuanzia saa tisa. Msigeuze.

Raskazone ingieni kwenye zile sehemu za kuogelea zenye ngazi za kushukia majini, mnalipa kiingilio getini. Watoto wasiruke kutoka gatini kabla hamjauliza kina, kwa sababu mahali palepale penye maji ya kuzamisha mtu jioni, asubuhi panaonekana mawe.

MgosiWaMakorora: Kuhusu Amboni. Ni kama kilomita 8 kutoka mjini, upande wa barabara ya Horohoro. Chukueni bajaji na mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjapanda. Mkimwacha aondoke, kupata usafiri wa kurudi ni kazi.

Ndani hamwingii bila mwongozaji, naye ana tochi, lakini kila mtoto awe na yake. Tochi moja mbele haimsaidii aliye nyuma. Viatu viwe vyenye meno. Ndala zinateleza, sakafu ina unyevu na samadi ya popo. Kuna vyumba virefu kama msikiti, na kuna vipenyo vya kuinama na hata kutambaa. Mama yako asipite huko. Mwambie mwongozaji mapema, atamwonyesha sehemu pana ya mwanzoni kisha amrudishe nje kwenye kivuli, watoto waendelee. Mtakuta pia mzimu, mahali watu wanapoweka sadaka zao. Msiguse kitu wala msicheke, ni ibada ya watu.

Kijana_wa_Duga: Na kuna pango linalotokea Mombasa! Waombe wawaonyeshe mlango wake.

MgosiWaMakorora: Hapana mdogo wangu, hiyo tuwaambie watoto kama hadithi tu. Wataalamu waliyapima mapango mwaka 1994, na refu kuliko yote lilikuwa kama mita 900. Ni miamba ya chokaa iliyoliwa na maji kwa muda mrefu mno, na hilo peke yake linatosha kumshangaza mtoto.

BintiChumbageni: Huyo mama mpenda mambo ya kale ndiye Tanga itakayemfurahisha kuliko wote, tafadhali msimwache kwenye kivuli cha Amboni siku nzima! Mji wetu ni tambarare, goti halitalalamika. Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla ya jua kali, anzieni kwenye mnara wa saa na bustani ya Jamhuri. Hapo mnaiona bandari na kisiwa cha Toten mbele yenu. Halafu Boma la zamani, ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi. Mama akae na zile picha za zamani, kuna za reli ya Usambara iliyoanza kujengwa hapa 1893 na kufika Moshi 1911. Picha za bandari yenyewe msipige bila kuuliza.

Kisha mkienda Raskazone jioni, mwambieni mama kwamba Novemba 1914 jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, lilishukia huko huko na kutembea kuja mjini. Walikuwa kama 8,000 dhidi ya takriban 1,000 wa upande wa Wajerumani, na wakashindwa. Nyuki nao waliingia vitani wakiwauma watu. Kuijua habari hiyo ukiwa barabarani pale pale ni tofauti na kuisoma.

MamaWawili: Asanteni sana. Na Toten je? Watoto wameshakiona kwenye ramani, hawaniachii.

NahodhaSahare: Kisiwa kina magofu ya misikiti na makaburi, na vichaka vizito. Kwa bamvua, boti ikienda asubuhi inakwama kwenye tope na abiria wanashuka kwa miguu, mama hawezi. Maji yakipanda mchana unaweza kwenda, lakini ndio muda wenu wa kuogelea. Ulizeni kibali makumbusho kwanza, na mkikosa jaketi okozi za saizi ya watoto, msipande. Kwa siku mbili mimi ningekiacha.

BintiChumbageni: Naunga mkono. Badala yake Jumapili asubuhi mpelekeni Tongoni, kama kilomita 17 kwa barabara ya Pangani. Kuna gofu la msikiti na makaburi kama 40 ya Waswahili wa kale, mengi yalikuwa na minara, sasa mingi imeanguka. Mama aangalie kuta za makaburi: vile vishimo vya mviringo ndimo vilimokuwa vimepachikwa mabakuli ya kaure. Ardhi ni sawa, hakuna kupanda. Msikalie makaburi. Bebeni maji na mtandio, na bajaji iwasubiri hapa pia.

MamaWawili: Na kula?

MgosiWaMakorora: Usiku vukeni reli mwende Ngamiani, kwenye barabara za namba. Mkipotea mnataja namba tu, mtaelekezwa. Viazi karai, mishkaki, pweza, chapati. Chagueni anayekaanga mbele yenu na mwenye foleni. Asubuhi vitumbua na chai ya maziwa. Samaki wabichi wapo soko la Deep Sea, lakini huko ni kwa mnunuzi anayepika.

Jambo la mwisho: stendi ya Kange iko nje ya mji. Mkishuka Ijumaa, kateni tiketi ya Jumatatu hapo hapo kabla hamjapanda bajaji, na muulize saa ya kuripoti, sio saa ya kuondoka tu.