Ngazi, mchikichi na nyuzi 60: bila kikokotoo mnafanyaje?

Mama Mawese, Mwanga Kigoma
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nina miaka 36, nauza mawese sokoni, na mwaka huu narudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. SOTOCA-HAH, ule wimbo wa kukumbuka saini, tanjenti na kosaini (cos) ni upande upi gawa kwa upi, naijua hata ukiniamsha usiku wa manane. Swali lenyewe: ngazi imeegemea mchikichi, inafanya nyuzi 60 na ardhi, mguu wake uko mita 3 toka shinani. Tafuta urefu wa ngazi na kimo inapogusa mti. Nimeandika cos 60 = 3/L, nikabaki naitazama. Mwanangu ananiambia, "Mama, si ubonyeze simu." Chumba cha mtihani naingia nayo wapi?

Fundi Kenchi, Ujiji
Dada, mimi hesabu nilizikimbia darasani nikazikuta juu ya paa. Chora pembetatu ya pande sawa, kila upande 2. Pembe zote 60. Ipasue katikati toka kileleni hadi chini. Ile nusu ina kitako 1, haipotenusi (ule upande mrefu wa mshazari) 2, kimo √3, na pembe ya juu inabaki 30. Basi cos 60 ni 1/2, ngazi ni mara mbili ya kitako: mita 6. Kimo ni 3√3, na √3 ni 1.732, unapata kama mita 5.2.

Pembetatu hiyohiyo ndiyo inayonilisha. Nyumba ya upana wa mita 8, paa nyuzi 30: ilaze, ule upande wa √3 ndio unakuwa kitako. Nusu ya upana ni 4, gawa kwa 1.732, nguzo ya kati 2.31. Mbao ya mteremko ni mara mbili yake, 4.62, hapo bado hujaongeza ya kuning'inia nje ya ukuta. Tajiri akiniletea mbao za mita 4 namrudisha dukani.

Mwalimu wa Tuisheni, Tabora
Fundi kamaliza. Kwa 45, kata mraba kona kwa kona: 1, 1, √2. Pembe kama 35 na dakika zake (nyuzi moja ni dakika 60), fungua majedwali, kile kitabu cha thamani za saini na kosaini. Ila mama, angalia: kwenye saini zile tofauti za safu za mwisho, za dakika zilizobaki, unajumlisha, kwenye kosaini UNATOA. Cos 60 ni 0.5, cos 61 ni 0.4848, pembe inapanda, yenyewe inashuka. Wanafunzi wangu wengi wanaangukia hapo.

Mama Mawese, Mwanga Kigoma
Nimechora juu ya boksi la sabuni, imetoka 6. Asante kaka Fundi. Mwalimu, hapo kwenye kutoa umeniua: nimekuwa najumlisha tangu mwezi wa tatu, nikadhani majibu ya nyuma ya kitabu yamekosewa!

Halafu huyo mtunga swali, mchikichi kauona wapi? Huku wakwezi wanapanda kwa kamba kiunoni. Nipeni la nyuzi 45, ila ngazi msiweke.