Nimealikwa kupanda mlima wa theluji Scotland mwezi wa nne, nitaweza?

BintiMakole

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Mwezi wa nne nakwenda Inverness kwa kozi fupi ya kazini. Mwenyeji wangu ni mama wa makamo, mwanachama wa klabu ya watu wanaotembea milimani, na ameshaniandikisha kwenye safari yao ya Jumamosi moja. Wanapanda Cairn Gorm, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Anasema bondeni maua yameshaanza kuchanua, ila juu theluji bado ipo ya kutosha.

Mimi si mvivu. Hapa Dodoma tuna kikundi chetu, Jumamosi alfajiri tunapanda Mlimwa, na mwaka jana tulifika kilele cha Hanang, mita 3,420. Huo wa kwao nimekuta ni mita 1,245. Wenzangu wananicheka, wanasema huo si mlima, ni tuta la barabarani. Lakini orodha ya vitu niliyotumiwa inanitisha: shoka la barafu, kramponi, yaani meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, filimbi, glovu jozi mbili. Tuta gani linapandwa kwa shoka? Halafu navaa hijabu, sijui naifanyaje kwenye upepo. Theluji sijawahi kuikanyaga, barafu ninayoijua ni ya kwenye friji.

MzeeWaKuchele

Nenda binti yangu. Sisi baridi ya mwezi wa saba tu hapa mjini tunavaa makoti mawili, huko ongeza na godoro.

Mgogo_AreaC

Mbukwenyi. Nimesoma Aberdeen, na wikendi zangu nyingi ziliishia kwenye milima hiyo hiyo na klabu ya chuo.

Hao wenzako wamelinganisha namba tu. Dodoma mjini penyewe tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kilele cha Cairn Gorm kimetuzidi mita mia na kitu tu sisi tuliokaa Area C tunakunywa chai. Hewa ya kule haitakukata pumzi. Shida ni mahali mlima ulipo: nyuzi 57 kaskazini ya ikweta, bahari haiko mbali, na juu pale hakuna mti wala nyumba ya kukinga upepo. Kituo cha hali ya hewa cha kileleni kilipima upepo wa zaidi ya kilomita 270 kwa saa mwezi Machi 1986. Siku za kawaida haufiki huko, lakini nimeshuhudia mtu mzima, pande la mtu, anatambaa kwa magoti kutafuta jiwe la kujibanza.

Kwa hiyo jinzi na fulana za pamba ziache Makole. Pamba ikilowa jasho haikauki, ukisimama kidogo kula unaanza kutetemeka. Vaa fulana ya sufu au ya michezo, juu yake sweta la flisi, halafu koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Flisi na boshori pita mitumba Sabasaba asubuhi wakifungua marobota. Utavirudisha kwao. Viatu, shoka na kramponi usinunue, pale Aviemore chini ya mlima vinakodishwa.

Shoka si la kukata kitu. Ukipanda unalishika mkono ulio upande wa juu wa mteremko, na kazi yake kubwa ni kukusimamisha ukiteleza. Klabu makini itakufundisha kwanza: wanatafuta mteremko mfupi usio na mawe, unaoishia tambarare. Kramponi unavua. Unakaa, unajiachia. Ukianza kushika kasi unajipindua kifudifudi, kichwa cha shoka kikiwa chini ya bega, na kifua chote unakilaza juu yake mpaka ncha izame. Miguu umeikunja juu, maana siku ukiwa na kramponi meno yake yakinasa utarushwa kichwa chini. Theluji itakuingia mpaka shingoni. Rudia, tena na tena, mpaka mwili ufanye wenyewe kabla hujafikiri.

Ninachokisisitiza ni ukingo. Upepo unajenga theluji ikatokeza nje ya jabali, chini yake hewa tupu, na wewe uliye juu unaona uwanja mweupe unaoendelea. Juu ya Coire an t-Sneachda, bonde la majabali ubavuni mwa mlima huo, zipo za namna hiyo, na mwezi wa nne jua linazilegeza zinakatika. Ukungu ukishuka ndiyo balaa, ardhi na mbingu vinakuwa rangi moja, hujui mguu unakwenda wapi. Kiongozi atatembea na ramani na dira mkononi. Akisema kaeni mbali na ukingo, habari ya picha isahau. Akisema tunageuza, geuza bila kununa. Sisi tuligeuza mara kibao tukaishia kunywa chokoleti ya moto Aviemore, na hakuna aliyechekwa.

Kuna raha zake pia. Wapo kulungu wa kaskazini wanaotembea huru mlimani, waliletwa 1952. Na kuna ndege mfano wa kware anayekuwa mweupe majira ya baridi. Mwezi wa nne utamkuta amebadilika nusu, ana mabaka ya kahawia.

UmmuSalha

Mdogo wangu, hijabu isikuzuie. Nilipopanda Kilimanjaro nilivaa ile ya michezo inayobana kichwa, juu yake boshori, kisha kofia ya koti. Mtandio wa kuning'inia utakupiga machoni. Pini acha nyumbani, ukiwa na glovu huzifungi. Na miwani ya jua, tafadhali. Theluji mpya inarudisha miale mingi mno, macho yanaungua hata kukiwa na mawingu.

Mgumu_Marangu

Sisi wapagazi huku tunamwambia mgeni pole pole kwa sababu ya hewa nyembamba. Kule hewa ipo, ukijikokota utaganda, kwa hiyo tafuta mwendo wa kati usiotoa jasho jingi. Na mzigo unabeba mwenyewe, hakuna wagumu wa kukubebea. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inamaliza chaji. Likitokea la kutokea ni 999, unaomba polisi kisha waokoaji wa milimani. Simu haishiki? Filimbi, mipulizo sita ndani ya dakika moja, unapumzika dakika, unarudia.

BintiMakole

Asanteni sana, wa kikundi nimewatumia hiyo habari ya Area C, kimya. Swali la mwisho: mama mwenyeji anasema nisikodi viatu, binti yake ana mabuti saizi yangu, laini, mepesi, hayaumizi.

Mgogo_AreaC

Laini ndiyo tatizo. Kiatu kinachopinda katikati, kramponi inachomoka kwenye mteremko. Mshukuru, ya binti tembelea mjini, ya mlimani kodi magumu. Na yajaribu ukiwa umevaa soksi nene.